Mitupo Hamsini ya Hind

Kwa misimu kumi nimekuwa kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu katika chuo kimoja binafsi upande wa Sib, Maskati, na hakuna picha hata moja inayonionyesha nikiwa kazini. Si bahati mbaya. Mechi zetu huchezwa mlango ukiwa umefungwa. Vioo vya ukumbi vimebandikwa karatasi nyeupe, marefa ni wanawake, mlinzi wa mlangoni ni mwanamke, na simu zote hukusanywa kabla mpira haujarushwa. Ndiyo maana wasichana ambao nje hawaonekani bila mtandio, ndani huweza kucheza kichwa wazi.

Kukusanya ni kazi yangu. Nina mfuko wa kitambaa wa kutundika ukutani, wa aina inayouzwa soko la Matrah kwa kuwekea viatu, wenye vifuko kumi na vinne. Kila kifuko nimekiandika namba kwa wino. Simu ya namba tatu huingia kifuko cha tatu, na mtandio wa namba tatu, ukiwa umekunjwa mara nne, hukaa juu ya simu. Kwa misimu kumi haijapotea hata pini.

Kazi yangu ya pili ni karatasi. Kwa kuwa hakuna video, kila kitu huandikwa kwa mkono: nani alitupa, kutoka wapi, dakika ya ngapi, uliingia au haukuingia, nani alikuwa akimzuia. Huchora nusu ya uwanja na kutia alama, duara kwa mtupo ulioingia, msalaba kwa uliokosa, na namba ya mchezaji pembeni. Nina madaftari thelathini na moja. Bi Mahbuba, kocha mkuu, husema kwamba chuo kikiungua, yeye ataokoa watu na mimi nitaokoa madaftari. Sijawahi kumpinga.

Kazi ya tatu ni kunyamaza, na hiyo nilijipa mwenyewe. Siku ya mechi msaidizi husema akiulizwa. Akisema bila kuulizwa, benchi huwa na makocha wawili na wachezaji hawajui wamsikilize nani. Kanuni hiyo nilimweleza Bi Mahbuba wiki yangu ya kwanza, alipotaka kujua mbona nilikaa kimya mpaka tukashindwa kwa pointi ishirini. Alicheka sana, lakini tangu siku ile hukumbuka kuuliza.

Nilikuja hapa kutoka Kisumu na diploma ya elimu ya michezo, miaka sita ya kuchezea timu ya kiwanda cha sukari, na mkataba wa miaka miwili. Mtoto wangu, Abigail, aliyekuwa na miaka minane, nilimwacha kwa mama yangu. Baba yake alikuwa ameshaoa Eldoret. Mkataba uliongezwa mara nne. Abigail sasa ana miaka kumi na minane na urefu wa sentimita mia moja sabini na nne. Urefu naujua kwa sababu nyanya yake humpima ukutani kila Desemba na kunitumia namba. Naye hucheza kikapu. Ni mchezeshaji, yaani ndiye anayepandisha mpira na kuamua uende kwa nani.

Sijawahi kumwona akicheza. Likizo yangu huangukia Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Nilichoona ni video za sekunde arobaini zilizopigwa na wenzake, ambamo mpira hutoka nje ya picha na hurudi ukiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Yeye pia hajawahi kuniona. Alipokuwa na miaka tisa aliniuliza kwa simu kama kweli nina timu. Nilimwambia achukue karatasi, achore nusu ya uwanja, kisha nikamsomea mechi ya wiki ile mtupo kwa mtupo, naye akatia alama. Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri humsomea mechi ya wiki. Anawajua wasichana wangu wote kwa namba. Anajua kwamba namba saba hupenda kona ya kushoto na kwamba namba tano hukosa akiharakishwa. Hajui sura zao, na ile ya mama yake kwenye benchi haijui vilevile.

Mwezi wa nne mwaka huu chuo kikuu kimoja cha Kisumu kilitangaza nafasi ya kocha mkuu wa timu ya wanawake. Ni chuo kile kile kilichompa Abigail nafasi ya kuanza masomo Septemba. Angekuwa mchezaji wangu. Ningemwona akicheza dakika arobaini kamili, mara mbili kwa wiki, kutoka umbali wa mita nne.

Nilisoma tangazo mara tatu. Sifa zote nilikuwa nazo isipokuwa moja. Mwombaji alitakiwa kuambatanisha video ya mchezo isiyopungua dakika ishirini, akionekana akiongoza timu kutoka benchi. Nilimpigia mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho, mtu aitwaye Cornelius, kumwuliza kama rekodi za maandishi zingekubaliwa.

"Madam, maandishi hata mimi naweza kukaa nikaandika," alisema, bila ubaya. "Jopo linataka kumwona mtu akifanya kazi. Una hadi Ijumaa tarehe nane mwezi wa tano, saa kumi na moja jioni."

Kabla ya tarehe hiyo tulikuwa na mechi moja tu, nusu fainali ya vyuo, Jumatano tarehe sita. Nilikwenda ofisini kwa Bi Mahbuba. Yeye alizaliwa hapa hapa Maskati, lakini wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili ndicho alichokulia nacho nyumbani.

"Miaka kumi nnakujua," alisema, "na leo ndo mara ya kwanza naona unataka kuniomba kitu kisichokuwa wino."

"Sijaomba bado."

"Basi omba, bibi wee, chai inapoa."

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Kisumu," alisema. "Yaani unataka kuniacha na hawa majini kumi na wawili peke yangu."

"Ndiyo."

"Angalau ungesema hapana kwanza, kwa adabu." Akaweka kikombe. "Haya. Mechi ya Jumatano iwe yako. Mie ntakaa mwisho wa benchi nishike mitandio. Kishikwambi changu tutakiweka juu ya jukwaa kwenye stendi, hakihitaji mtu. Ukishatuma, unafuta mbele yangu. Lakini wasichana uwaulize. Mmoja mmoja. Ukiwauliza kwa mkupuo wataoneana haya."

"Akitokea mmoja asiyetaka?"

"Hapo khalas. Hakuna video."

Niliwauliza Jumapili na Jumatatu, mlango wa ofisi ukiwa wazi. Kwa kila mmoja nilianza na sababu: binti yangu, chuo, Septemba. Nilidhani huo ndio uaminifu, mtu ajue anakubalia nini. Niliwaambia pia kwamba jopo lina watu watano na watatu kati yao ni wanaume. Kisha nikauliza.

Shahad, nahodha, namba saba, alikuwa wa kwanza. Kwao wanazungumza Kiswahili kama kwa Bi Mahbuba, na maneno hayamwishi.

"Kwa hivyo Kochi, ntaonekana Kenya nzima?"

"Na watu watano."

"Watano tu! Basi hata kusuka sisuki."

Wa mwisho alikuwa Hind, namba kumi na moja, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu. Ndiye mrefu kuliko wote na ndiye anayezungumza kidogo kuliko wote. Naye Kiswahili ni cha nyumbani kwao. Alisimama mbele ya meza yangu mikono ikiwa nyuma.

"Haina neno, Kochi," alisema. "Mungu akujaalie ufike kwa mwanao."

Aliutazama ule mfuko wa simu ukutani nyuma yangu, akaaga, akatoka. Niliandika: ndiyo. Kumi na wawili kati ya kumi na wawili.

Mwisho wa kila mazoezi, kila mchezaji hutupa mitupo huru hamsini. Mtupo huru ni ule anaopewa mchezaji aliyechezewa vibaya: anasimama kwenye mstari, hakuna anayemzuia, uwanja mzima unamngoja. Ndicho kipimo safi kuliko vyote katika mchezo huu, kwa sababu umbali haubadiliki, ubao haubadiliki, na hakuna adui. Kinachobaki ni mtu mwenyewe. Tangu Septemba wastani wa Hind ulikuwa thelathini na sita kwa hamsini, na haukuwahi kushuka chini ya thelathini na mbili.

Jumanne ile alipata ishirini na nne.

Niliandika. Jumatano alipata thelathini na sita. Alhamisi, ishirini na mbili. Nilimwuliza kuhusu goti lake la kushoto, akasema haliumi. Niliangalia ratiba ya mitihani ya uuguzi. Haikuwa wiki ya mitihani. Niliangalia taa za upande ule wa ukumbi. Zote zilikuwa zinawaka. Jumapili alipata thelathini na tano, na Jumatatu, siku mbili kabla ya mechi, ishirini na tano.

Jumatatu hiyo Shahad alinikuta nimekaa chini ya ubao na daftari.

"Kochi, unahesabu nini tena? Si tumemaliza?"

"Hind ana nini?"

"Hind?" Alitazama mlango. "Hind hana kitu."

"Amekwambia chochote?"

"Hind aniambie kitu? Hind akivunjika mguu atakwambia haina neno." Alikaa, akaanza kufungua viatu. "Lakini nnakwambia mie, si umwambie tu Jumatano asije? Mwambie ana homa. Video yako itatoka, na yeye hatokuwamo. Kila mtu raha mustarehe."

"Kwa nini asiwemo?"

Shahad alinitazama kama mtu anayemtazama mwalimu aliyekosea hesabu ya kujumlisha. Kisha akatazama juu ya jukwaa. Stendi ya miguu mitatu ilikuwa bado imesimama pale, na kishikwambi cha Bi Mahbuba juu yake.

Tulikuwa tukikileta ili kutafuta pembe nzuri, ila si kila siku, kwa sababu Bi Mahbuba hukihitaji mikutanoni. Nilirudi kwenye daftari. Jumanne kilikuwapo. Jumatano hakikuwapo. Alhamisi kilikuwapo, Jumapili hakikuwapo, Jumatatu kilikuwapo. Kilikuwa kimezimwa siku zote hizo, na wasichana walijua kimezimwa. Nikakumbuka jambo jingine ambalo nililiona na sikuliandika: siku zile tatu za kishikwambi Hind alifanya mazoezi akiwa amefunga mtandio, na kabla ya kila mtupo aliugusa kwa mkono wa kushoto kuhakikisha upo.

Siku tano ni chache kwa ushahidi. Jumanne, mazoezi ya mwisho, nilimwambia Bi Mahbuba akiache kishikwambi kwenye gari, na sikumwambia mtu mwingine. Hind alipoingia alitazama juu ya jukwaa. Alipofika kwenye mstari alikuwa kichwa wazi. Alipata thelathini na saba.

Pendekezo la Shahad nililipima kwa haki. Nilichora vikosi viwili, kimoja na Hind, kingine bila yeye. Bila yeye tungepoteza, kwa makadirio yangu, pointi kumi na mbili, na tungeshindwa. Lakini jopo halikutaka ushindi, lilitaka dakika ishirini. Homa ya siku moja, na ningekuwa Kisumu ifikapo Septemba.

Tatizo halikuwa kikosi. Tatizo lilikuwa kwamba nilimwuliza mtu swali ambalo hakuweza kulijibu vingine. Nilimtanguliza mtoto wangu, kisha ndipo nikauliza. Katika nyumba wanazotoka wasichana hawa, mtu aliye mbali na kwao akikutajia mtoto wake, humnyimi. Nimeishi hapa miaka kumi. Nilijua hivyo, na bado nililipanga swali kwa mpangilio ule. Jibu nililoandika halikuwa la Hind. Jibu la Hind lilikuwa ishirini na nne, ishirini na mbili, ishirini na tano.

Nilimkuta Bi Mahbuba kwenye maegesho akifungua milango yote minne ya gari ili joto litoke.

"Kesho usilete kishikwambi," nilimwambia.

"Kimeharibika?"

"Hapana. Hind hataki."

"Kasema?"

"Hajasema. Nina namba."

Alivaa miwani, akaweka daftari juu ya paa la gari, akaliondoa haraka kwa sababu bati lilikuwa la moto, akasoma akiwa amelishika. Alisoma mara mbili.

"Subhanallah. Wewe kuna mtu anaweza kukuficha kitu?" Akavua miwani. "Sikiliza. Mama yake nnamjua, tulisoma darasa moja. Ntampigia leo hii, tutalimaliza."

"Ukimpigia watakuwa wawili wasioweza kukataa."

Lori la mboga lilipita barabarani. Bado yapo yanayopita, ingawa soko la mboga la Mawaleh limeshahamishwa.

"Na mtoto wako?" aliuliza.

"Septemba ni miezi minne."

"Sikuulizi kalenda, Achieng."

Nilimwambia kwamba swali hilo sina namba yake. Alinirudishia daftari.

"Mechi bado ni yangu?" niliuliza.

"Yako. Na mitandio yangu. Nikipoteza pini usinisute."

Mechi ilianza saa kumi alasiri. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo niliwaambia wasichana: "Leo hakuna video. Uamuzi ni wangu na hauhusiani na mchezaji yeyote." Ni sentensi ya pekee isiyo ya kweli niliyowaambia kwa misimu kumi, na hata hiyo ni nusu tu. Shahad alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Hind alivua mtandio, akaukunja mara nne, akampa Bi Mahbuba. Alipopita mbele yangu alisimama.

"Kochi."

"Namba tisa wao hugeukia kulia kila mara," nilimwambia. "Mwache aende kushoto."

"Sawa, Kochi," alisema, akaingia uwanjani.

Sitaieleza mechi yote. Ipo kwenye karatasi. Safari hii karatasi iliandikwa na mchezaji wa akiba, namba kumi na tatu, kwa mwandiko mbaya lakini bila kosa. Mimi nilisimama. Nilikuwa sijawahi kusimama kwenye mechi, na niligundua kwamba ukiwa umesimama uwanja huonekana mfupi na muda huonekana mrefu. Nilibadilisha ulinzi mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa sahihi. Tulikuwa nyuma kwa pointi tisa hadi mapumziko. Robo ya tatu tuliwafikia. Hind alipewa mitupo huru minane akaingiza saba, na kabla ya kila mmoja mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye mpira.

Zikiwa zimebaki sekunde sita tulikuwa nyuma kwa pointi moja, hamsini na nane kwa hamsini na tisa, na mpira ulikuwa wetu pembeni. Timu yetu ina maneno kumi na mawili ya Kiswahili ambayo hata wachezaji wasiokijua wamefunzwa. Bi Mahbuba huyatoa kwa sauti kutoka benchi, kwa kuwa vyuo vingine huzungumza Kiarabu uwanjani na hawajui tunasema nini. Nilipiga kelele: "Nyuma ya Hind!" Maana yake Hind asimame kama ukuta, namba tano apite nyuma yake, Shahad ampe pasi ya chini.

Hind alisimama. Namba tano alipita. Lakini namba nne wa upande wa pili, msichana mdogo aliyeanza kuchezea chuo chake msimu huu, alikuwa ameshafika nyuma ya Hind kabla pasi haijatoka mkononi mwa Shahad. Aliuchukua mpira kama aliyetumiwa yeye. Tulimchezea vibaya, akaingiza mtupo mmoja kati ya miwili. Hamsini na nane kwa sitini.

Tulipopeana mikono, namba nne alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Kochi. Wallahi mmecheza vizuri."

Kilikuwa Kiunguja safi. Nilimjibu marahaba, na ndipo nilipofahamu.

Bi Mahbuba alikuwa mwisho wa benchi, mfuko wa viatu mapajani.

"Yule namba nne," nilisema.

"Mjukuu wa Bi Masouda wa Vikokotoni," alisema. "Kwao hata paka anasikia Kiswahili."

"Ulijua?"

"Tangu alipovua viatu mlangoni. Uso wa bibi yake mtupu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Alianza kutoa mitandio mmoja mmoja na kuilaza kwenye benchi. "Siku ya mechi msaidizi husema akiulizwa. Mimi nimefunzwa na mtu mkali sana."

Alikuwa sahihi. Kocha mkuu wa hapa ni lazima ajue nani mjukuu wa nani. Karatasi yangu ilikuwa na urefu wa namba nne, mkono anaoutumia na asilimia ya mitupo yake. Jina la bibi yake halikuwamo. Kisumu nisingehitaji kuuliza. Ningesoma majina kwenye orodha ya timu ya wageni na ningejua kila nyanya amezaliwa wapi na anasikia lugha gani.

Hind alikuja wa mwisho kuchukua mtandio wake. Aliufunga bila kioo. Alisema, "Ahsante, Kochi," kama wanavyosema wote kila siku, na sikupata namna ya kujua kama ilikuwa ile ya kila siku.

Alhamisi nilituma ombi. Niliambatanisha karatasi za mechi ya Jumatano na za mechi nyingine tisa, pamoja na maelezo ya mistari minne: kwamba kanuni za ukumbi haziruhusu video, kwamba rekodi yangu kama kocha mkuu ni mechi moja na kushindwa kumoja, na kwamba kosa la sekunde sita za mwisho lilikuwa langu. Ijumaa saa saba mchana Cornelius alijibu. Ombi lisilo na video halijakamilika na halitapelekwa kwenye jopo. Chini ya jina lake aliongeza: "Karatasi zako nimezipitia zote. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Lakini sheria ni hiyo, Madam."

Saa kumi alasiri nilipiga simu nyumbani.

"Wamejibu?" Abigail aliuliza kabla ya salamu.

"Wamejibu. Halikukamilika."

"Kwa hivyo huji."

"Mwaka huu siji."

Nilisikia redio ya mama yangu, kisha mlango ukifungwa, na redio ikapungua.

"Si ungerekodi tu kisiri, Mama? Nani angejua?"

"Namba kumi na moja angejua."

"Huyo ndiye wa mitupo huru?"

"Ndiye."

"Alipata ngapi?"

"Saba kwa nane."

Nilisikia rula ikiwekwa mezani.

"Sawa," alisema. "Nisomee. Nimeshachora uwanja."

Nilimsomea mitupo sitini na mmoja. Ilichukua dakika hamsini, kwa sababu sasa huuliza maswali ya mchezeshaji: nani alikuwa huru, mpira ulitoka wapi, kwa nini hakupewa namba saba. Tulipofika sekunde sita za mwisho alinisimamisha.

"Ngoja. Ulisema kwa sauti? Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Kumbe namba nne wao asili yake ni Unguja."

"Mbele ya Waswahili?" Alianza kucheka, kicheko cha mama yangu, kinachoanzia puani. "Mama! Si ungesema kwa Dholuo?"

"Hind hajui Dholuo."

"Ungemfundisha. Umekuwa huko miaka kumi."

Hakusema kwa ubaya. Nilimsomea matokeo, akayaandika, akasema nyanya yake anamwita.

Saa kumi na mbili kasorobo alinitumia picha ya karatasi yake. Mistari ya uwanja ilikuwa imepigwa kwa rula, alama kwa kalamu ya bluu, na za namba kumi na moja kwa nyekundu, jambo ambalo sikumwagiza. Niliilinganisha na karatasi yangu, alama moja baada ya nyingine. Sitini zilikuwa mahali pake. Moja, mtupo wa thelathini na tatu, ilikuwa upande usio wake. Kwenye pembe ya picha kilionekana kidole gumba chake kikishikilia karatasi, na ukucha uliokatika kwa mpira, kama wangu. Nilikitazama kwa muda ambao sikuupima. Kisha nikamwandikia: mtupo wa thelathini na tatu, usogeze kushoto.